Hofu ya kumite: kisa cha mwanafunzi aliyejificha nyuma ya kata

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa karate aliyependa kila kitu darasani isipokuwa nusu saa moja ya juma zima, ile ya kumite, yaani kupigana na mwenzako. Jina lake, klabu na kila kinachoweza kumtambulisha nimekiondoa, na mambo madogo machache nimeyageuza kwa sababu hiyohiyo. Yeye mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Nilikuwa mwalimu msaidizi katika darasa hilo, hivyo mengi niliyaona. Mengine nilisimuliwa baadaye na yeye au na mwenzake wa mazoezi.

Usuli

Mwanafunzi huyu, nitakayemwita M, alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya kukaa, aliyekuja kutafuta afya. Hakuwahi kupigana na mtu, hata utotoni. Miezi minane ya kwanza alikwenda vizuri kuliko wengi walioanza naye. Kihon yake, yaani mbinu za msingi, ilikuwa safi, kata za mwanzo, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa ambayo mtu huifanya peke yake, alizishika kiasi cha kuwaelekeza wageni, na kwenye begi la kupigia ngumi alikuwa na ngumi inayosikika upande wa pili wa ukumbi. Mkanda wa manjano aliupata bila taabu.

Klabu ilikuwa na utaratibu ambao wengi watautambua. Siku ya mwisho ya mazoezi ya juma, nusu saa ya mwisho, ni kumite huru. Watu wanajipanga mistari miwili, wanainamiana, wanapigana dakika mbili, kisha mstari mmoja unasogea na kila mtu anapata mpinzani mpya. Aliyevaa manjano anaweza kujikuta mbele ya mkanda wa kahawia anayemzidi kimo, uzito na miaka. Agizo la mwalimu lilikuwa neno moja tu: "Taratibu." Kiasi gani ni taratibu, kila mmoja alikuwa na jibu lake. Glovu zilikuwa zile nyembamba za karate, na kinga ya meno ilipendekezwa bila kulazimishwa.

Mara ya kwanza

Mpinzani wa kwanza wa M alikuwa K, mkanda wa kahawia, mrefu, na nje ya mkeka mtu mpole kabisa. M alishambulia kama alivyofundishwa: oi-zuki, ngumi ya hatua nzima mbele, mkono wa pili kiunoni, uso wazi. K akajibu kwa gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, iliyotua puani. Haikuwa ngumi ya kuvunja kitu, wala damu haikutoka. Lakini pua ikigongwa macho hutoa machozi yenyewe, mtu atake asitake, na M akajikuta amesimama mbele ya darasa zima machozi yakimchuruzika ilhali halii. Wawili watatu walicheka bila ubaya. Mmoja akasema, "Karibu kwenye karate."

Tangu hapo siku ya kumite ikawa na visingizio vyake. Mara goti, mara kazi imechelewa kuisha, mara anaondoka mapema kwa sababu ya mgeni nyumbani. Siku nyingine zote M alikuwa wa kwanza kufika. Alipokosa udhuru na kulazimika kusimama mstarini, mwili wake ulifanya mambo matatu yaleyale kila mara. Alibana pumzi, na kabla ya dakika kwisha alikuwa hoi kama aliyekimbia mlima, yeye ambaye kwenye begi alimaliza raundi baada ya raundi. Alirudi nyuma kwa mstari ulionyooka hadi mgongo ukafika ukutani. Na ngumi ilipokuja usoni alifumba macho na kugeuza kichwa pembeni, huku mikono ikiwa imenyooshwa mbele kama anayezuia mlango.

Hilo la tatu ndilo la hatari. Anayegeuza kichwa haoni kinachofuata, na pigo lisiloonekana huikuta shingo haijajikaza, kwa hiyo kichwa hutikisika zaidi kuliko kingetikisika kwa pigo lilelile lililotazamwa. Kwa maneno mengine, alichokifanya ili asiumie ndicho kilichomweka karibu zaidi na kuumia.

Uamuzi wa kwanza: atazoea

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa shule ya zamani, na mawazo yake hayakuwa ya kipuuzi. Aliona hofu hutoka kwa kuzoea, na kwamba kumbembeleza mwanafunzi ni kumthibitishia kuwa kweli kuna jambo la kuogopa. Akaamua M apangiwe wenye nguvu kwanza: akiwaweza hao, wengine watakuwa mchezo.

Majuma machache hayakupita. M aligeuza kichwa kama kawaida yake, teke la K likampata karibu na sikio. Hakuanguka. Alimaliza raundi, akakaa, akasema sikio linavuma na kichwa kinauma. Mwalimu alitaka apumzike raundi moja kisha arudi. Wasaidizi tulikataa, na hapo sikuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu kanuni hii haina mjadala: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutoka siku hiyo nzima, huonwa na daktari, na hurudi kwa ngazi. Kwanza kutembea na mazoezi mepesi, baadaye mbinu bila mpinzani, na mgusano mwisho kabisa, baada ya daktari kuruhusu. M alipitia ngazi hizo zote salama.

Mwili ulipona. Imani katika ukumbi ule haikupona.

Uamuzi wa pili: aachwe hadi awe tayari

Tukio la sikio lilimtikisa mwalimu pia, naye akayumba hadi ukingo wa pili. Akamwambia M asiingie kumite mpaka mwenyewe aseme yuko tayari. Ilisemwa kwa upole na ilipokelewa kwa shukrani. Kwa takriban miezi miwili M alitumia nusu saa ile kufanya kata pembeni, peke yake, na kata zake zikawa nzuri sana.

Hofu nayo ikanenepa. Awali ilikuwa ya siku moja ya juma. Sasa alipoona watu wanavaa glovu tu, tumbo lilimkaza. Akaanza kukwepa hata mazoezi ya wawili wawili ambayo zamani aliyafurahia. Jambo hili linaonekana kama fumbo, ila lina maelezo: kila mtu anapokwepa anachokiogopa hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ni malipo. Mwili hujifunza kwamba umeokoka kwa sababu umekwepa, na haupati nafasi ya kuona kwamba ungeokoka hata bila kukwepa. "Ukiwa tayari utasema" ni agizo linalomtaka mtu asubiri hali ambayo kusubiri kwenyewe kunaizuia isije.

Waswahili wamesema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na darasani kuna waliomtania M kwa methali hiyo, kwamba ana akili kuliko sisi. Naye alicheka. Lakini mwezi uliofuata aliuliza kama anaweza kurudishiwa ada iliyobaki.

Swali lililochelewa

Ombi hilo la ada ndilo lililomkalisha mwalimu chini na M. Kwa mara ya kwanza mtu alimuuliza anaogopa nini hasa. Sote tulidhani tunajua: maumivu. M akasema hapana. Alikuwa akijigonga vidole kwenye begi na kuumia mikono kwenye mazoezi ya kukinga, na hakujali.

"Sensei, sijui itakuja kwa nguvu gani, wala sijui itakoma lini," alisema. "Kwenye kata najua. Kwenye mstari ule kila mtu ana taratibu yake."

Akaongeza la pili, kwa shida zaidi: yale machozi. Aliogopa kulia mbele ya watu kuliko kupigwa.

Nayatilia uzito maneno hayo ya kwanza kwa sababu yaligeuza kisa kizima. M hakuwa na kasoro ya ujasiri. Alikuwa ameusoma ukumbi vizuri kuliko sisi tuliouzoea. Nguvu ya mapigo ilikuwa kweli haitabiriki, mpinzani kweli alikuwa wa bahati nasibu, na njia ya kusimamisha raundi kweli haikuwepo isipokuwa kuumia. Hofu yake ilikuwa habari sahihi kuhusu utaratibu mbovu, nasi tulikuwa tukiitibu kama ugonjwa wa mtu mmoja.

Mpango

Karate ina ngazi zake tayari, na aibu ya klabu ilikuwa kwamba zilitumika siku za mtihani tu. Kuna gohon kumite, ambapo mashambulizi matano yanajulikana na kila mtu anajua zamu yake, sanbon, matatu, ippon, moja lililotangazwa, jiyu ippon, moja lililotangazwa lakini wakati wake na umbali wake ni siri ya mshambuliaji, kisha ndipo jiyu kumite, kumite huru. M alikuwa amerushwa kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu aliamua kuzirudisha zote katikati, na kuongeza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mtindo wetu.

Walianza na macho. K anarusha ngumi inayoishia upana wa ngumi moja kabla ya uso. Kazi pekee ya M ni kutoa pumzi kila inapofika na kutogeuza kichwa. Hakukatazwa kupepesa. Kupepesa ni kitendo cha mwili kinachotangulia uamuzi, na kumwambia mtu asipepese ni kumwekea mtihani wa kufeli. Kilichotakiwa ni macho kufunguka tena upesi, uso ukiwa bado mbele. Jambo hili dogo lilichukua muda mrefu kuliko yote yaliyofuata, na mwalimu mwenye haraka angeliruka.

Ikafuata michezo ya kugusana mabega na mapaja kwa viganja wazi, bila ngumi. Hapa M alicheka mkekani kwa mara ya kwanza tangu tukio la pua, na hapa pia alianza kutembea pembeni badala ya kurudi nyuma moja kwa moja, kwa sababu katika mchezo ule anayerudi nyuma tu hushindwa. Hakuna aliyemfundisha hilo kwa maneno.

Halafu jiyu ippon, pigo moja linalojulikana, wakati usiojulikana. Baada ya muda mapigo mawili. Baada ya hapo M akaruhusiwa kujibu. Raundi zilikuwa za nusu dakika, kwa makusudi: nusu dakika mtu anaweza kuiona mwisho wake akiwa bado mwanzoni.

Juu ya yote hayo yaliwekwa mambo mawili. La kwanza ni namba. Nguvu ilipangwa kuanzia moja hadi tano: moja ni kugusa nguo, tano ni nguvu ya mashindano. Kabla ya kila raundi mdogo kwa mkanda ndiye anayetaja namba, na mkubwa huirudia kwa sauti. La pili ni kwamba M alipewa haki ya kusema "yame", yaani simama, wakati wowote, neno ambalo kwa kawaida ni la mwalimu au mwamuzi. Baadhi ya wazee wa klabu hawakulipenda hili. Walidhani atalitumia kila sekunde. Siku za mwanzo kweli alilitumia ovyo, hata kwa ngumi ambazo hazikufika. Kisha akaliacha karibu kabisa bila kuambiwa, na naamini aliliacha kwa sababu alijua lipo.

Kuhusu vifaa, kinga ya meno ilifanywa lazima kwa wote na glovu nene zikanunuliwa. Mwalimu alipendekeza pia kofia ya kinga, ikajaribiwa, ikaachwa. Kofia hupunguza mipasuko na michubuko, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ndondi za ridhaa ziliiondoa kwa wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013, na katika Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipigana bila hiyo. Kwa M kofia ilileta shida mbili za hapohapo: aliona pembeni kwa tabu, na wenzake, bila kukusudia, walipiga kwa nguvu zaidi walipoiona kichwani mwake.

Upande wa K

Kazi kubwa zaidi ya mpango huu haikufanywa na M. Ilifanywa na K.

Mwalimu alimwita pembeni na kumuuliza kwa nini ngumi zake kwa wadogo ni nzito kuliko anavyodhani. K alikana, kisha siku nyingine akarudi na jibu mwenyewe. Kila alipokutana na mdogo mwenye ngumi nzito kama M, aliogopa kuguswa usoni mbele ya darasa na mkanda wa manjano. Kwa hiyo alipiga kwanza na akapiga ili mtu asirudi. Hofu ilikuwa mbili kwenye mkeka mmoja, ila ya K ilikuwa na ufundi wa kujificha.

Akapewa kipimo kipya. Raundi yake na M haikuhesabiwa kwa mapigo aliyotua bali kwa muda ambao uso wa M ulibaki mbele. Ikiwa M amegeuza kichwa, K ndiye aliyekosea: amekuja haraka mno, au karibu mno, au kwa namba isiyokubaliwa. K alisema hii ni ngumu kuliko mashindano yoyote aliyowahi kuingia, nami namwamini. Kupiga kwa nguvu mbili ya tano, kwa kasi inayomfundisha mwenzako, kunataka umbali uliopimwa vizuri sana.

Kuna waliouita ulaini. Ningewakumbusha kwamba Jigoro Kano, mwasisi wa judo aliyeanzisha shule yake, Kodokan, mwaka 1882, aliyaweka mapigo ndani ya kata za judo na kuyaacha nje ya randori, yaani mazoezi huru ya wawili, ili watu waweze kuvutana na kuangushana kwa nguvu halisi kila siku na kesho warudi. Kuwekea mchezo mpaka ndiko kulikoufanya uchezeke kwa bidii.

Matokeo

Baada ya takriban miezi mitano M alikuwa akisimama mstarini na kila mtu, kwa raundi za dakika mbili, mara nyingi kwa namba tatu. Bado hugeuza kichwa akichoka. Bado usiku wa kuamkia kumite hulala vibaya, jambo ambalo amelikubali. Mashindano hataki, na hakuna aliyemshawishi.

Kipimo ninachokiamini zaidi kilikuja bila kupangwa. Mgeni kutoka klabu nyingine alijiunga kwa siku moja, akakubali namba mbili mdomoni na kupiga nne kwa mikono. Ngumi ilimpata M mdomoni. M akasema "yame", akainama, akamwambia mgeni kwa utulivu kwamba ile haikuwa mbili, akauliza kama waendelee kwa tatu. Wakaendelea. Macho yake yalikuwa na machozi na hakuyafuta.

Lipo na la upande mwingine. Mwanafunzi mmoja wa zamani, mwenye kipaji, alihama akisema klabu imekuwa ya kubembelezana. Mwalimu alisikitika, wala hakujaribu kumrudisha.

Uchambuzi

Uamuzi wa kwanza ulishindwa kwa sababu uliongeza dozi bila kubadili chochote kingine. Kuzoea kunahitaji mtu atoke kwenye tukio akiwa amejifunza kwamba alichokitarajia hakikutokea. M alitarajia pigo lisilotabirika, akapewa pigo lisilotabirika. Alichokizoea ni kwamba alikuwa sahihi.

Uamuzi wa pili ulikuwa na huruma na ulidhuru zaidi, ingawa polepole. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika juu ya mtoto aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Sungura aliletwa karibu hatua kwa hatua wakati mtoto akila kwa furaha, hadi akaweza kumgusa. Sungura hakutupwa mapajani mwake, wala hakuondolewa kabisa hadi mtoto aombe. Mwalimu wetu alifanya yote mawili kwa zamu, na njia ya katikati ilikuwepo tayari ndani ya mtaala wake mwenyewe.

Kati ya yaliyofanikiwa, ngazi ndizo watu hukumbuka kwanza, na ni haki yao. Mimi naziweka nyuma ya namba. Ngazi bila namba zingemfikisha M kwenye jiyu kumite na kumwacha hapo na "taratibu" ya kila mtu. Namba ilimpa kitu ambacho kata ilikuwa ikimpa, yaani kujua kabla. Sharti la mkubwa kuirudia kwa sauti lina maana yake pia: aliyeitamka mbele ya wengine hawezi kusema hakusikia.

Haki ya kusema "yame" ina hatari ambayo darasa jingine lisiipuuze. Ikitolewa bila ngazi, inaweza kuwa njia nyingine ya kukwepa, na nafuu ileile ya kata za pembeni ikarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa M ilifaa kwa kuwa kila baada ya "yame" waliendelea, hata kama kwa namba ya chini. Raundi haikuvunjwa, ilipunguzwa.

Ni vigumu kutenganisha mchango wa K na mchango wa mpango. K alikuwa tayari kujitazama, na mpango huuhuu mikononi mwa mtu asiye tayari ungekuwa maigizo. Klabu yenye wanafunzi wachache wa juu wenye tabia hiyo ianze kwa kuwafundisha hao kabla ya kumgusa mwoga yeyote. Pia M alikuwa mtu mzima anayeweza kueleza anachokiogopa. Mtoto wa miaka tisa hatasema "sijui itakoma lini," ataumwa tumbo tu.

Suala moja bado liko mezani. Mtihani wa mkanda wa kahawia wa klabu unadai kumite na wapinzani kadhaa mfululizo, mbele ya jopo, bila namba. M atafika huko mwaka ujao au unaofuata. Ameomba namba zitajwe na katika mtihani, angalau kwa raundi ya kwanza. K anamuunga mkono, wazee wawili wa jopo wanapinga kwamba mtihani usiotisha si mtihani, na mwalimu mkuu ameahidi kutoa uamuzi kabla ya usajili kufunguliwa.